Mbona haikwami

"Mbona haikwami?"

Maneno ya mama hayo, Jumapili asubuhi, barazani kwake Kihonda, Morogoro. Leo ni Alhamisi na bado yananizunguka. Nimeyasikia kwenye daladala, nimeyasikia nikipeta mchele, juzi nimeyasikia katikati ya kile kikao tulichotangaziwa kwamba tawi letu linafungwa Desemba.

Baba alituachia sanduku la santuri. Tangu arobaini yake nimekuwa nikizihamishia kwenye kompyuta, moja moja, mwanangu Zuu akishalala. Maji ya vuguvugu, tone la sabuni ya vyombo, kipande cha fulana kuukuu. Unafuta kwa kuzunguka, kufuata mistari yake, usiikate, kisha unaiegemeza ukutani ikauke mbali na jua. Nilianza na za bendi za Tabora Jazz na Western Jazz kwa kuwa hazina mikwaruzo mingi. Za Morogoro Jazz niliziacha mwisho. Baba alikuwa mtu wa Mbaraka Mwinshehe, mpiga gitaa wao, na hizo ndizo zilizopigwa mpaka zikachoka. Sanduku lenyewe linaishia mwaka 1976. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, mpaka na Kenya ukafungwa, na santuri zilikuwa zinachapwa Nairobi. Bendi zikabaki na studio ya Radio Tanzania, pale barabara ya Pugu, wakirekodi kwenye tepu za kurushwa hewani, si za kuuzwa dukani. Basi kwetu zikapigwa zilezile, mwaka hadi mwaka.

Hii ya Jumapili ina jina la baba katikati kwa wino wa bluu, maana santuri ziliazimwa kwenye maharusi na zikichelewa ujue pa kuzifuata. Upande mmoja ameandika 1 kubwa, wa pili 2. Santuri ndogo hizi za mizunguko 45 kwa dakika, upande mmoja unabeba dakika tatu, nne hivi, na wimbo wa dansi hauishi kwa dakika nne. Kwa hiyo waliukata mara mbili. Upande wa kwanza wanaimba, unapewa kisa chote, nani kaachwa na nani kamfitini nani. Upande wa pili magitaa yanaachiwa. Solo anasema, rithimu anamjibu, besi hatoki mahali pake, na hapo ndipo watu walipoacha soda zao mezani wakaenda kati.

Upande wa kwanza, kwenye ubeti wa mwisho, sindano ilikuwa inakwama. Neno moja linajirudia, linajirudia, mpaka mtu ainuke. Nikayakata yale marudio. Kisha nikaunganisha 1 na 2 kwa namna ambayo usingejua kama kuna mahali paligeuzwa. Usiku mbili nzima nilikesha na kazi hiyo. Jumamosi nikapanda treni ya mwendokasi, spika mapajani.

Mama alisikiliza huku anachambua mchicha. Ulipofika ule mstari, mikono ikasimama. Mstari ukapita. Akaniangalia.

"Mbona haikwami?"

"Nimeitengeneza, mama."

"Nani kakwambia imeharibika?"

Nilinyamaza. Akarudi kwenye mchicha wake. Magitaa yalipoanza, akauliza bila kuinua uso, "Na pale pa kugeuza umepapeleka wapi?" Dada akaingia na chai, yakaanza mazungumzo ya nyonga ya shangazi, na hilo likaishia hapo.

Kwanza nilikasirika, tena sana. Mama hata hakuwa mtu wa Morogoro Jazz! Mji wa Morogoro walikuwa wamegawana, na yeye alikuwa wa bendi ya pili, Cuban Marimba, damu kabisa. Mpaka leo ukimsifia gitaa la Mbaraka atakuuliza kama umewahi kumsikia Juma Kilaza akiimba. Hizi za baba alizivumilia tu, ndivyo nilivyojua mimi. Kwenye treni ya kurudi nikawa nabishana naye kichwani tangu Ngerengere: asiyeipenda bendi kajuaje inapokwama?

Tulipofika Ruvu nikakumbuka kiti. Kile cha kamba za plastiki, cha kijani, kilichokuwa kinalia baba akiinuka. Kinalia, hatua mbili, kidole cha shahada pembeni ya mkono wa sindano. Anarudi, anakaa. Muda kidogo tena kinalia, hatua mbili, anageuza. Na hapo katikati ya 1 na 2, chumba kikiwa kimya, ndipo mama alipokuwa anamwambia mambo. Sukari imeisha. Barua ya kaka imefika. Mimi nilijulia hapo, nikiwa nimelala nyuma ya pazia, kwamba napelekwa shule ya bweni.

Na ile sauti ya kwanza, kabla sijaikata, nilishaifuta. Kompyuta ilikuwa imejaa. Tangu Jumapili hiyo ndiyo imekuwa ikinichoma kuliko maneno ya mama.

Lakini santuri si ipo! Imenichukua mpaka jana kuliona hilo. Umeme uliporudi saa tatu usiku nikaitoa sandukuni, nikaiweka, nikaruhusu kompyuta irekodi kila kitu. Mara ya kwanza nilichelewa, neno likajirudia mara tisa. Ya pili nilisukuma kwa nguvu, sindano ikateleza hadi mwisho, moyo ukanipasuka, nikaishika santuri kwenye taa kuitazama. Haikuwa na kitu. Ya tatu niligusa kama unavyomtoa mtoto sisimizi shavuni. Likajirudia mara mbili, likapita. Nikakaa. Upande ulipoisha sikuzima, nikainuka, nikageuza, na kwenye kimya kile kuna kiti changu na filimbi ya mlinzi wa mtaa. Kisha magitaa. Niliisikiliza yote nimesimama, na miguu ikaanza yenyewe, pale sebuleni, peke yangu, saa tano usiku.

Nilimtumia dada rekodi hiyo, amsikilizishe mama. Asubuhi ikaja sauti ya mama kwenye simu. Nyuma yake wimbo unasikika, umeshafika upande wa pili, na yeye hasemi kitu kwa muda mrefu. Kisha:

"Umechelewa kidogo. Yeye alikuwa anaiwahi."

Nimeirudia tangu asubuhi sijui mara ngapi. Furaha iliyonijaa leo sijaipata tangu msiba. Kesho usiku nashika ile yenye ufa pembeni.

Mwalimu wa Zuu amenipigia mara mbili jioni hii nikiwa bafuni. Nampigia, inaita, hapokei. Zuu anasema hajui kitu, na amelala bila kula.