Daudi Alisamehe, Ila Hakurudi

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Somo letu wiki hii ni 1 Samweli 26. Vijana, nawaomba mlisome lote, msiishie kwenye mistari ninayoitaja hapa. Mfalme Sauli ametoka na watu 3,000 kumtafuta Daudi katika nyika ya Zifu. Usiku Daudi na Abishai wanapenya kambini na kumkuta mfalme amelala, mkuki wake umechomekwa ardhini karibu na kichwa chake. Abishai anataka kummaliza kwa pigo moja. Daudi anakataa. Anachukua mkuki na gudulia la maji, anavuka upande wa pili, anapanda juu ya mlima, na kutoka huko anaita. Sauli anaitambua sauti na kujibu maneno ambayo baadhi yenu mmeyasoma kwenye simu zenu saa sita usiku: "Nimekosa, rudi, mwanangu Daudi." Anaahidi kwamba hatamdhuru tena. Anakiri kwamba amefanya upumbavu.

Daudi anajibu kwa heshima, halafu hashuki. Sura inafungwa kwa Daudi kwenda zake na Sauli kurudi mahali pake.

Naandika haya kwa ajili ya watoto wetu wa miaka 14 hadi 19 walio kwenye uhusiano unaowaumiza. Najua wapo wazazi watakaosema umri huo si wa kuwa na wapenzi. Kwa hilo sina ubishi. Ila wapo nao, na wanaumizwa. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2024 kwamba kati ya wasichana waliowahi kuwa na mwenzi, karibu robo wanakuwa wamepigwa au kuingiliwa kwa nguvu na mwenzi huyo kabla hawajafikisha miaka 20. Ukiwahesabu, ni karibu wasichana milioni 19 duniani. Sioni kwa nini tudhani watoto wa sharika zetu hawamo.

Turudi nyuma kidogo kwenye habari ya Sauli, kwa sababu haikuanza kwa mkuki. Sura ya 16 inasema Sauli alimpenda Daudi sana, akamfanya mchukua silaha wake. Kijana wa kuchunga kondoo anaitwa ikulu, anapendwa na mfalme, kinubi chake kinamtuliza mfalme anaposumbuka. Halafu wanawake wanaimba wakimsifu Daudi kuliko mfalme, Sauli anaona wivu, na tangu siku ile anamwonea Daudi jicho baya. Mkuki unarushwa. Daudi anakwepa, na Biblia inasema alikwepa mara mbili. Katika sura ya 19 Yonathani mwana wa Sauli anasuluhisha, Sauli anaapa kwa jina la Bwana kwamba Daudi hatauawa, na Daudi anarudi kukaa mbele yake kama zamani. Hamjapita mistari mingi, mkuki unarushwa tena na kukita ukutani. Sura ya 24 Sauli analia kwa sauti, anamwita Daudi mwanangu. Sura ya 26 yuko nyikani na watu 3,000.

Tazama mzunguko huo: mkuki, kiapo, machozi, mkuki. Anayepigwa na mpenzi wake anaujua kwa moyo. Na ona kwamba Daudi naye aliwahi kurudi, baada ya kile kiapo. Kama na wewe ulishaachana naye, akalia, mkarudiana, akakupiga tena, usiseme umejitakia. Shujaa aliyemwangusha Goliathi aliamini kiapo cha mtu aliyempenda. Kuamini si kosa lako. Aliyevunja kiapo ndiye mwenye kosa.

Siku moja kwenye mazoezi ya kwaya niliketi nyuma ya binti wa sauti ya pili. Kila wimbo ulipokwisha, simu yake iliwaka. Ujumbe ulikuwa neno moja tu: "picha". Naye ananyanyua simu, anapiga picha ya daftari la nyimbo na migongo ya wenzake, anatuma. Wimbo unaofuata, hivyo hivyo. Kijana wa besi alipokuja kukaa kiti cha jirani, binti alihama haraka kabla simu haijawaka tena. Mwenzake akamuuliza kulikoni. Akajibu, na kwa fahari kidogo, "Ananijali sana huyu."

Hapo ndipo vijana wengi wanapopotezwa. Mtaani tumewafundisha kwamba wivu ni dalili ya mapenzi, kwamba asiyekufuatilia hakupendi. Paulo anasema upendo hauhusudu. Mtu anayetaka nywila ya simu yako, anayefuta majina ya watu kwenye simu hiyo, anayekuambia marafiki zako wote ni malaya mpaka ubaki naye peke yake, anayekununia siku nzima kwa sababu ulicheka na binamu yako, huyo anakutawala. Kabla ya kofi la kwanza kwa kawaida mambo haya yanakuwa yameshatangulia. Na hesabu nayo inatangulia: vocha, chipsi mayai, nauli ya bodaboda, kisha siku unayosema hapana unaambiwa, "Nimekuhudumia muda wote huu, umekula hela zangu." Binti yangu, hakuna sahani ya chipsi inayonunua mwili wako. Aliyekupa kitu ili akudai mwili hakukupa zawadi.

Liko na lile la "ukiniacha najiua". Nalisema kwa uzito kwa sababu linawafunga wengi. Ukiambiwa hivyo, usikae nalo peke yako na usirudi kwake ili kumwokoa. Waambie wazazi wake, mchungaji, mwalimu, mtu mzima yeyote aliye karibu naye, usiku huo huo. Maisha yake ni ya thamani na anahitaji msaada. Msaada huo si mwili wako wala ujana wako.

Wavulana nanyi, msidhani haya hayawahusu. Samsoni alikuwa na nguvu kuliko kila mtu, na Delila alimwambia, wawezaje kusema wanipenda na moyo wako haupo pamoja nami? Alimsumbua kila siku kwa maneno mpaka, kama Waamuzi 16 inavyosema, roho yake ikadhikika hata kufa. Kijana anayedhalilishwa, anayetishiwa kuchafuliwa jina, anayepigwa na kuona aibu kusema kwa kuwa yeye ni mwanamume, ana haki ile ile ya kuondoka.

Sasa nizungumze na sisi tulio wakubwa, maana hapa ndipo moyo unaniuma zaidi. Mtoto huyu haji kwetu kwa sababu anatuogopa. Kwenye sharika nyingi binti akijulikana ana mpenzi anasimamishwa kwaya, akipata mimba anatengwa. Swali letu la kwanza ni, "Ulifuata nini kwake?" Yule anayempiga anayajua haya yote. Anamwambia, "Sema uone, nami nitamweleza mchungaji tulichofanya." Mkuki huo tumemshikisha sisi wenyewe. Nidhamu ya kanisa ina mahali pake, lakini mtoto anayetoka damu mdomoni asianze na kikao cha wazee.

Na wengine tunawarudisha kwa Maandiko. Tunasema upendo huvumilia yote, tunasema samehe saba mara sabini. Sura ile ya upendo, 1 Wakorintho 13, iliandikwa kwa kanisa zima lililokuwa likigombana na kujivunia karama. Kuigeuza iwe amri kwa mtoto wa miaka 16 avumilie makofi ya mtu ambaye hata hajamuoa ni kulitumia vibaya neno la Mungu. Daudi alisamehe, na si kwa maneno tu. Alikuwa na Sauli mikononi mwake mara mbili na hakumgusa. Hakulipiza, hakutukana. Lakini msamaha wake haukumrudisha mezani pa Sauli.

Miaka mingi baadaye Daudi huyu huyu alikuwa baba. Tamari binti yake alidhulumiwa nyumbani mwa Amnoni, ndugu yake kwa baba, baada ya kumsihi asimtende nguvu. Absalomu ndugu yake akamwambia anyamaze. Na Daudi? Biblia inasema alikasirika sana, na haituonyeshi alichofanya zaidi ya kukasirika. Aliyejua mwenyewe maana ya kukimbia mkuki aliishia kwenye hasira. Tamari akakaa ukiwa nyumbani kwa ndugu yake, na baada ya miaka miwili Absalomu akamuua Amnoni. Baba na mama, kukasirika hakutoshi. Wala "tulimalize kifamilia" haitoshi, ile ya kukaa na wazazi wa kijana, kupokea pesa, na mtoto kuambiwa anyamaze.

Basi mtu anaondokaje?

Daudi hakuondoka peke yake. Mikali mkewe alimshusha dirishani. Samweli alimpokea Rama. Yonathani mwanzoni hakuamini. Alisema hasha, baba yangu hawezi. Daudi akamwambia kwamba kati yake na mauti iko hatua moja tu. Ndipo Yonathani akajibu kwamba lolote analotaka atamfanyia. Nyinyi mlio marafiki, rafiki yako akikueleza, mwamini, kisha muulize anataka umfanyie nini. Usimlazimishe wala usimchoke akisitasita. Na wewe unayeumizwa, kama wa kwanza uliyemweleza hakukuamini, tafuta wa pili: shangazi, mwalimu, mlezi wa vijana, mama mchungaji. Nchini Tanzania piga 116, ni simu ya bure kwa ajili ya watoto. Kenya nako namba ni hiyo hiyo.

Daudi alizungumza kutoka mbali. Biblia inataja kabisa kwamba palikuwa na nafasi kubwa kati yao. Wakati wa kuachana ndio wakati wa hatari, kwa sababu mtu aliyezoea kutawala anaona anapokonywa. Kwa hiyo usiende kwenye ile "tukutane tuongee kwa mara ya mwisho", hasa chumbani kwake, hasa usiku. Ukishasema imekwisha kwa ujumbe, umesema. Badilisha nywila zako zote, mbloki, badilisha njia ya kwenda shule kwa muda, usitembee peke yako.

Na ule mkuki? Daudi hakuurudisha kwa mkono wake. Alisema kijana mmoja na avuke kuuchukua. Simu aliyokununulia, fulana yake, daftari lako lililobaki kwake, vyote vipite kwa mtu mwingine, au vipotee. Usirudi kwa ajili ya vitu.

Ujumbe wa vitisho usiufute. Mpe mtu mzima unayemwamini autunze. Kama ana picha zako za utupu na anatishia kuzisambaza, anayetenda kosa ni yeye, na Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Kama umeingiliwa kwa nguvu, nenda hospitali mapema uwezavyo, kwa sababu dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72. Usioge kwanza, na usifue nguo. Polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto. Nenda na mtu mzima anayekupenda. Na kama tayari una mimba yake, usiambiwe kwamba sasa huna budi kubaki naye. Nchini Tanzania, tangu Novemba 2021 binti aliyejifungua anaruhusiwa kurudi shule katika mfumo rasmi. Mtoto utamlea, na sisi kanisa tutakusaidia kumlea. Atakayekataa kukusaidia, mpe jina langu nikaongee naye.

Neno kwa kijana anayepiga. Huenda unasoma hapa na unajijua. Sauli alilia machozi ya kweli, sina shaka, na bado hakubadilika. Machozi yako hayatoshi kuwa ushahidi wa toba. Kama umetubu, mwache aende. Usimtumie watu, usimsubiri getini shuleni, usiweke maneno ya kumsema kwenye status. Tafuta mwanamume mzima mcha Mungu umweleze ulichofanya bila kupunguza, kisha ukubali anachokuambia, hata kama ni kwenda kujibu mbele ya sheria. Mungu anakupokea. Yule uliyempiga halazimiki kukupokea.

Viongozi wa vijana, Jumapili hii bandikeni namba 116 kwenye ubao wa matangazo na kwenye mlango wa choo cha wasichana, ambako mtu anaweza kuisoma bila kuonekana. Kisha chagueni mama mmoja na baba mmoja wanaojua kutunza siri, mtangaze majina yao, ili mtoto ajue wa kumwendea kabla hajamhitaji.

Tuombe. Bwana, unawajua watoto wetu ambao leo wamekuja ibadani wakificha alama mikononi. Wape ujasiri wa kusema, na utupe sisi masikio ya kuwasikia kabla ya kuwauliza maswali yetu. Wafunike wanaoondoka wiki hii. Amina.