Madirisha kwenye kabichi: nondo mgongo-almasi

Gusa jani la kabichi lenye matundu. Kiwavi akijinyonganyonga kurudi nyuma kisha akajiangusha na kuning'inia kwa uzi, huyo ni mtoto wa nondo mgongo-almasi, Plutella xylostella. Ukikuta kiini cha mche kimefungwa utando na kuliwa, hapo ni kiwavi wa nondo mwingine, Hellula, na huyo ana habari yake.

Nondo mwenyewe hafiki sentimita 1. Ni wa kijivu-kahawia, na akikunja mabawa mgongoni hutokea vialmasi vyeupe. Hutaga pande zote mbili za jani, kando ya mishipa. Kiwavi akianguliwa huchimba ndani ya jani, kisha hutoka na kula kuanzia chini, akiacha ngozi nyembamba ya juu. Ndiyo hayo madirisha. Kwenye nyuzi 25 hivi, yai huwa nondo ndani ya wiki 2 hadi 3, kwa hiyo zao moja la kabichi hulisha vizazi kadhaa. Kila kizazi kilichoponea dawa ileile huzaa wagumu zaidi. Huko Java usugu wake kwa DDT ulijulikana tangu 1953, na baadaye akawa mdudu wa kwanza kuishinda Bt, dawa itokanayo na bakteria, shambani.

Kosa kubwa ni kupulizia juu ya majani wakati mlaji yuko chini. Geuza mdomo wa bomba uelekee juu, ufanye kazi jioni, maana jua huharibu Bt na mwarobaini vilevile. Jani la kabichi lina nta, hivyo bila sabuni dawa huteleza.

Mwarobaini: saga kokwa zilizomenywa, gramu 50 kwa lita 1 ya maji, yaani kilo 1 kwa jerikeni la lita 20. Loweka usiku kucha, chuja kwa kitambaa kisafi (makapi yakibaki huziba bomba), ongeza kijiko cha sabuni ya maji, tumia siku hiyohiyo. Usitarajie viwavi waanguke papo hapo: huacha kula kwanza. Wanaolima kwenye baridi ya Kabale, Uganda, itawabidi waagize kokwa, mti huu hupenda joto.

Mvua kubwa huwaosha viwavi wadogo. Kiangazi ndicho cha kuhofia. Funika kitalu kwa chandarua, na ukishavuna ng'oa visiki, kwani machipukizi yake ndiyo kitalu cha nondo.

Kabla ya kupulizia, kagua mimea 20 kwa kupita shamba kimshazari, na utazame vifukofuko. Cha nondo ni wavu unaoonyesha ndani. Kikiwa kimejaa, kigumu, cha kahawia kama kipipa, ndani yumo nyigu Diadegma semiclausum aliyemmaliza kiwavi. Nyigu huyu hustawi nyanda za juu zenye ubaridi, na dawa za jamii ya pirethroidi humuua kabla ya nondo. Vipipa vikiwa vingi, weka bomba chini, urudi kukagua wiki ijayo.