Rebmann, mtu wa mizabibu

Jina Rebmann nimelijua tangu shule ya msingi: yule mmisionari wa Rabai, karibu na Mombasa, aliyeiona theluji ya Kilimanjaro Mei 1848, wasomi wa London wakakataa kumwamini. Maana ya jina lenyewe sikuwahi kuiuliza.

Jumamosi nimepanda treni kutoka Stuttgart hadi Gerlingen, mji aliozaliwa mwaka 1820. Mwalimu wangu wa Kijerumani tulikuwa naye, akanifafanulia: Rebe ni mzabibu, Mann ni mtu. Kumbe ni mkulima wa zabibu! Jina hili si kama Müller, msagaji wa nafaka, ambalo utalikuta kila kona ya Ujerumani. Lenyewe limebaki zaidi huku kusini-magharibi, kwenye vilima vya mvinyo, kwa sababu kwingine mkulima huyohuyo aliitwa Winzer, na kule Franken akaitwa Häcker. Kazi moja, majina mbalimbali, kila bonde na lake.

Nilisimama kwenye mizabibu pale nikaikumbuka minazi ya Rabai. Mtu wa mizabibu, na karibu miaka 30 ya maisha yake aliishi kwa wagema. Machozi yalinilengalenga, wallahi.