Umri wa dunia, meno ya watoto na petroli

Mimi ni mkutubi wa chuo kikuu. Kazi yangu ni kusoma ikisiri za tafiti zinazoingia, kuzichagulia maneno ya utafutaji na kuamua ipi iende sayansi, ipi iende afya, ipi iende sera za umma. Kuna anayehesabu mbu, kuna anayehoji wajawazito, na kuna anayepekua kumbukumbu za vikao vya bunge. Wanafunzi nao hubishana: wa maabara wanaona mahojiano ni porojo, wa sera wanaona watu wa maabara hawajui maisha. Mabishano hayo yananiuma kidogo, na yakinifika mezani huwa nawasimulia habari ya madini ya risasi.

Clair Patterson alikuwa mwanajiokemia Mmarekani aliyetaka kujua umri wa dunia. Urani, metali yenye mnururisho, huoza polepole, yaani atomu zake hubadilika, na kuwa risasi, na kasi ya kuoza huko inajulikana. Kwa hiyo ukipima vizuri risasi iliyomo kwenye vimondo, unaweza kupiga hesabu ya miaka. Lakini vipimo vyake vilikataa kutulia. Sampuli zilikuwa na risasi nyingi mno, kwa sababu ilikuwa inaingia kutoka nje: kwenye vumbi, kwenye maji ya bomba, kwenye vyombo vya kioo, kwenye nywele na nguo za watu waliomo chumbani. Basi akaanza kusafisha. Alisugua sakafu na meza, akaosha vyombo kwa asidi, akazisafisha upya hata kemikali zilizouzwa kama safi, akachuja hewa iliyoingia maabara. Ilichukua miaka. Mwaka 1956 akachapisha jibu: miaka bilioni 4.55, na hadi leo jibu hilo limesimama.

Mimi navutiwa zaidi na ule usafi kuliko jibu lenyewe. Mtu mwingine angeisafisha risasi ile na kuisahau, ila Patterson aliuliza imetoka wapi. Akapima maji ya bahari, akakuta ya juu yana risasi nyingi kuliko ya kilindini. Baadaye yeye na wenzake wakapima barafu ya Greenland, tabaka kwa tabaka, wakaona risasi ikizidi kadiri tabaka zinavyokaribia zama zetu. Chanzo kikubwa kilikuwa petroli, ambayo tangu miaka ya 1920 ilikuwa ikitiwa risasi ili injini isigonge. Mwaka 1965 aliandika wazi kwamba kiasi cha risasi kilichozoeleka mwilini mwa binadamu wa leo kiko mbali sana na kile cha asili. Wataalamu waliokuwa upande wa viwanda, Robert Kehoe akiwa mbele yao, walishikilia kuwa risasi mwilini ni jambo la kawaida, na chini ya kiwango fulani haina madhara.

Hapo elimu ya mawe ilifika mwisho wake. Mwanajiokemia hawezi kukwambia risasi inamfanya nini mtoto wa darasa la kwanza.

Aliyelishika swali hilo ni daktari wa watoto na wa akili, Herbert Needleman. Damu huonyesha zaidi risasi iliyoingia karibuni, ilhali mifupa na meno huitunza kwa miaka. Na meno ya utoto hung'oka yenyewe, kwa hiyo hakuna mtoto wa kuchomwa sindano. Akakusanya meno ya watoto wa shule zaidi ya 2,000, akapima risasi iliyomo, huku walimu wakijaza hojaji kuhusu utulivu wa kila mtoto darasani bila kujua jino lake limesema nini. Matokeo yalitoka mwaka 1979: watoto wenye risasi nyingi, ambao hawakuonyesha dalili yoyote ya ugonjwa, walipata alama za chini kwenye vipimo vya akili na walishindwa zaidi kutulia. Baadaye alituhumiwa udanganyifu, akachunguzwa, na tuhuma hazikuthibitishwa.

Kisha ikaja zamu ya takwimu. Upimaji wa afya wa kitaifa Marekani kati ya 1976 na 1980 ulionyesha kuwa risasi katika damu za watu imeshuka kwa karibu asilimia 37, ikifuatana na kupungua kwa risasi kwenye petroli. Halafu uchumi: mwaka 1985 Joel Schwartz na wenzake katika wakala wa mazingira wa serikali walipiga hesabu ya gharama za viwanda vya kusafisha mafuta kupunguza risasi, wakailinganisha na gharama ambazo zingeepukwa: za kutibu watoto, elimu maalumu na matengenezo ya magari. Faida ilizidi gharama kwa mbali. Kufikia Januari 1986 kiwango cha risasi kilichoruhusiwa kwenye petroli kikashushwa kutoka gramu 1.1 kwa galoni hadi 0.1.

Nchi za Kusini mwa Sahara ziliacha petroli hiyo mwanzoni mwa 2006. Nchi ya mwisho duniani kuiacha kwa magari ilikuwa Algeria, mwaka 2021.

Ukitafuta kazi hizi maktabani utazikuta zimetawanyika: jiolojia, tiba ya watoto, takwimu, uchumi. Kwa hiyo katika kumbukumbu ninazoandika naongeza viungo vya kuvuka idara, hata pale mfumo usiponilazimisha, na mwanafunzi akija na mapitio ya maandiko yaliyotoka idara moja tu namrudisha akatafute tena. Wengine hununa. Sijali, kwa sababu risasi bado iko kwenye rangi za nyumba na kwenye betri chakavu zinazoyeyushwa karibu na makazi, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Anayetaka kutafiti hilo atahitaji mkemia wa kupima rangi, muuguzi wa kupima damu, mtu wa kukaa na wayeyusha betri akawasikiliza wanaishije, na mwanasheria wa kusoma kanuni zilizopo na kuona kwa nini hazifuatwi.