Neno "charge" lilivyonipandisha presha

Jana nimeletewa barua ya paundi 100. Kampuni binafsi inayosimamia maegesho ya duka moja hapa Uingereza inadai sikulipia gari. Nikilipa ndani ya siku 14 ni paundi 60. Igeuze kwa shilingi, halafu niambie unarudi na mikungu mingapi ya ndizi mshare kutoka soko la Mbuyuni, Moshi. Na mashine yao ya kulipia ilikuwa mbovu, picha ninayo kwenye simu.

Kilichonichefua zaidi ni kichwa cha barua: "Parking Charge Notice", yaani ilani ya malipo ya maegesho. Halmashauri za huku nazo hutoa "Penalty Charge Notice". Kwa kifupi zote ni PCN. Ya halmashauri ni adhabu iliyowekwa kisheria. Ya kampuni ni madai tu kwamba umevunja masharti ya kibao chao, na ukigoma, njia yao ni kukufungulia kesi ya madai. Faini hawaiandiki, kwa sababu si faini. Wameweka "charge", na mgeni akiliona anawaza polisi.

Ana haki ya kuwaza hivyo. Kwenye taarifa ya habari, aliyekuwa "charged" ameshtakiwa. Wodini kwetu, daktari akiingia usiku anauliza nani yuko "in charge". Zamu ikiwa yangu nanyoosha mkono. Wagonjwa wote wako chini ya dhamana yangu mpaka kupambazuke, na naibeba kwa fahari, mtoto wa Kibosho. Mgonjwa akiruhusiwa kwenda nyumbani ni "discharge". Kidonda chake kikitoa usaha, nao ni "discharge", na yote mawili unaweza kuyaandika kwenye faili moja. Kaka yangu anaongoza watalii Arusha, na "charge" anayoijua yeye ni ya tembo: masikio yametanuka, vumbi linatimka, dereva anapiga rivasi.

Sisi kila kitu tumekipa jina lake. Konda wa Hiace anadai nauli, shule inadai ada, geti la mlima linadai kiingilio, trafiki anaandika faini. Ukisikia tu, unajua kama umekosa au unanunua huduma. Waingereza nao wana "fare", "fee", "toll" na "fine", ila anayetaka kukutisha hayagusi hayo.

Wadogo zangu mnaosomea IELTS hapo Moshi, jingine hili hapa: "Immigration Health Surcharge", ada ya afya kwa wanaoomba viza. Ni paundi 1,035 kwa mwaka kwa mtu mzima asiyekuja kusoma, na unalipa ya miaka yote ya viza kabla hujapanda ndege. Mwenye viza ya kazi za afya amesamehewa. Kwa hiyo wakala akikuombea uuguzi halafu akakudai hiyo, anakuibia, usimpe hata senti.

Yangu sijalipa. Nimewaandikia rufaa na picha ya mashine nimeambatisha. Wakikataa, naenda kwenye chombo huru cha rufaa, ambako kusikilizwa ni bure.