Murumbi na Pinto wako City Park

Wakati huo nilikuwa nakaa Ngara, na Jumamosi asubuhi nilikuwa naenda soko ya City Park kuchukua mboga ya wiki, maana pale unapata mpaka karela na dhania fresh kabisa. Park yenyewe iko hapo nyuma na nilikuwa naijua vile watu wengi wa Nairobi wanaijua, yaani pale mbele kwa nyasi, tumbili wanakunyang'anya ndizi mkononi, watoto wanapiga nduru, mnakula njugu mnarudi nyumbani. Huko ndani kwa msitu tulikuwa tunaambiwa tusiende, kuna wezi.

Sasa siku hiyo nilimaliza kununua vitu mapema, nikaona watu wazima wawili watatu wanaingia na kajia fulani kati ya miti bila wasiwasi wowote nikawafuata, miti mikubwa ya kienyeji imefunika juu mpaka kelele ya magari ya Limuru Road inapungua, halafu ghafla pakafunguka. Bustani. Imetunzwa vizuri sana, maua, njia safi, sanamu kubwa zimesimama kwa nyasi, na katikati kaburi. Kulikuwa na mzee anafagia majani na ufagio wa njiti, anafagia taratibu akizunguka lile jiwe, akipata jani limeshika kwa herufi anainama analitoa na kidole.

"Habari ya kazi mzee."

"Njema binti yangu. Umekuja kuwaona ama umepotea?"

Nikamuuliza kuona nani. Akaniambia Murumbi na mke wake mama Sheila, na rafiki yao amelala hapo karibu kwa makaburi, Pinto.

Jina la Murumbi nilikuwa nimesoma shuleni, mstari mmoja tu, Makamu wa Rais wa pili, 1966, kwisha. Huyo mzee aliweka ufagio chini akanipa hiyo hadithi yote na mimi nimesimama na mifuko ya mboga mkononi, sikuhisi hata uzito. Joseph Murumbi, baba Mgoa, yaani mtu wa asili ya Goa huko India, mama Mmaasai. Pio Gama Pinto, Mgoa aliyezaliwa hapa hapa Nairobi 1927, mtu wa vyama vya wafanyikazi na magazeti, aliyesaidia watu wa Mau Mau mpaka Wazungu wakamweka kizuizini kuanzia 1954 hadi 1959. Hawa wawili walikuwa marafiki wa kufa kuzikana. Tarehe 24 Februari 1965 Pinto akapigwa risasi kwa geti ya nyumba yake huko Westlands, ndani ya gari, na binti yake mdogo yuko kiti cha nyuma. Alikuwa na miaka 37. Kuna mtu alifungwa kwa hiyo kesi, akaachiliwa 2001, na miaka yote hiyo alisema si yeye. Kifo hicho kilimuumiza Murumbi vibaya sana, na mwaka uliofuata, baada ya miezi michache tu kwa kiti cha Makamu wa Rais, akaachana na siasa kabisa.

Hapo ndipo mimi nilishikwa. Mtu anaacha kiti kikubwa hivyo, halafu anatumia maisha yaliyobaki kukusanya vitabu, stempu, vinyago na nguo za Afrika nzima ili visipotelee nje! Hata ile African Heritage, galari ya sanaa ya Afrika, ilianza 1972 ni yeye na Mmarekani Alan Donovan. Alipofariki 1990 akazikwa hapa, vile alitaka, karibu na rafiki yake, na Sheila akamfuata baadaye.

Mzee alinipeleka mpaka kwa Pinto. Kaburi la kawaida tu, kati ya makaburi mengine. Nikasimama hapo nikafikiria watu wote wanapita hapo nje kwenda hospitali, kwenda sokoni, na huyu mtu aliyeuawa Kenya ikiwa haijamaliza hata miaka 2 ya uhuru amelala hatua chache tu kutoka kwao.

Nikamuuliza mzee watu wanakuja? Akasema wageni kutoka nje ndio wengi, wa mtaa ni wachache, na akaniambia pia vile watu wamejaribu kuimega hii park kipande kwa kipande miaka mingi, kabla serikali itangaze 2009 kwamba ni urithi wa taifa. Alisema hivyo kwa uchungu kabisa, na ule uchungu niliondoka nao.

Wiki iliyofuata nilienda Archives, yaani jengo la nyaraka za taifa pale Moi Avenue, pale kila mtu huambiana "tupatane Archives" na hakuna anayeingia. Nikaingia. Vitu vya Murumbi viko ground floor, na vitabu vyake zaidi ya 8,000 vya kabla ya 1900 viko kwa hilo jengo. Nikampigia dada yangu simu nikamwambia Jumamosi alete watoto wote, tunaanza na City Park kwa mzee, halafu tunakuja huku.