Taa ya Tairi Iliyonikosesha Usingizi

Sensa, kwa wengi wetu, ni yule karani anayebisha hodi kuuliza usiku ule mlilala wangapi. Huku Denver, Marekani, nimekutana na sensa nyingine: kidude kidogo kinachokaa ndani ya rimu, kwenye mzizi wa nozeli, kikiiarifu kompyuta ya gari upepo uliomo. Wiki mbili nzima kimenichezesha.

Gari ni Toyota 4Runner ya 2014, nililinunua mkononi mwa mtu na matairi yake yalikuwa yanaelekea upara. Theluji ilikuwa imekaribia, na barabara ya I-70 ya kupanda milimani, kati ya Morrison na Dotsero, ina sheria yake: kuanzia Septemba 1 hadi Mei 31, hata gari linalovuta miguu yote minne linatakiwa tairi lenye meno yasiyopungua inchi 3/16, karibu milimita 5. Matairi ilikuwa lazima. Rimu zilikuwa tamaa tu, nakiri.

Ya kiwandani yalikuwa saizi 265/70R17, mimi nikapanda hadi 285/70R17. Ukipiga hesabu, kipenyo kinatoka milimita 803 kufika 831. Gari linanyanyuka milimita 14 tu, kwa hiyo msijidanganye kwamba mtapita juu ya mawe yote. Spidomita nayo inaanza uongo: ikisoma maili 60 kwa saa, wewe uko 62. Na ukikata usukani wote huku unarudi nyuma, bega la tairi linakwangua plastiki ya ndani ya madigadi. Ile sauti siku ya kwanza nilidhani nimekanyaga kitu.

Kwenye kufunga ndipo mambo yalipoanza. Nikamwambia fundi afunge bila sensa, taa ya dashibodi nitaizoea. Akatikisa kichwa. Sensa za zamani bado zinafanya kazi, akasema, na yeye akiziacha nje atakuwa amelemaza kifaa cha usalama, jambo ambalo sheria ya Marekani inamkataza fundi anayelipwa. Nimezoea fundi anayesema "hakuna shida, bosi". Huyu alikuwa tayari kuacha hela mezani. Sheria ya sensa yenyewe ilizaliwa 2000, baada ya lile sakata la matairi ya Firestone kupasuka kwenye Ford Explorer na magari kubiringika, na tangu Septemba 2007 kila gari dogo jipya linalouzwa hapa lazima liwe nazo.

Basi nihamishe zile za zamani? Betri yake imefungiwa humo humo, haibadilishwi, na hudumu miaka mitano hadi kumi. Zangu zilikuwa zinachungulia kaburi. Nikaagiza mpya nne mtandaoni, za bei ya kutupa, nikampelekea, akafunga.

Taa ikapepesa kama dakika moja, kisha ikatulia ikiwaka. Nikajaza upepo. Ikapepesa. Nikaupima tena kwa mkono, matairi yote sawasawa. Ikapepesa! Mwisho nikampigia Mkenya mmoja anayefanya kazi ya magari.

"Inapepesa kwanza au inawaka moja kwa moja?"

"Inapepesa."

"Basi si upepo, kaka. Gari halisikii sensa zako. Soma ubavuni mwa kasha umeandikiwa megahezi ngapi."

433. Hiyo hutumika sana kwenye magari ya Ulaya; gari langu la soko la Marekani linasikiliza 315. Nilikuwa nimeweka redio nne zinazotangaza stesheni ambayo gari halina. Matairi yote yakavuliwa upya, na kubalansiwa upya, kwa gharama yangu.

Hata zile sahihi hazikutosha. Kila sensa ina namba yake, na Toyota hii haijifunzi namba mpya kwa kuendeshwa tu. Kaka yule akaja na kifaa chake, akazisoma tairi moja moja, akachomeka waya chini ya usukani, akaziandika. Dakika kumi, kimya, taa ikazima.

Kabla ya kuondoka akachukua nati ya zamani, akaiingiza kwenye tundu la rimu mpya. Ikacheza kama jino bovu. Nati za rimu ya kiwandani zina uso bapa na washa yake. Rimu zangu mpya zinataka nati yenye koni. "Fundi wako alikupa za koni, mshukuru," akasema. "Ila za zamani usizitupe, spea tairi yako bado ni rimu ya kiwandani." Mimi nilishazitia nyingine zote kwenye ndoo ya takataka. Nikaenda kuzichokoa. Kisha akanikazia zote kwa mtindo wa nyota, kwa nguvu ya futi-pauni 83, akaniambia nizirudie baada ya maili 50. Mbili zilisogea kidogo.

Jumamosi tukapanda njia ya mawe, mimi na mama watoto. Nikashusha upepo hadi PSI 18 ili tairi lilale na kushika. Kibao cha mlangoni kinasema 32, na sheria inataka taa iwake upepo ukipungua kwa robo. Hatukumaliza hata maili moja, ikawaka. Moja kwa moja, bila kupepesa.

"Si ulisema umeitengeneza?"

"Nimeitengeneza. Ndiyo maana imewaka."

Hakunijibu. Aligeuka akaangalia milima.